Moyo uliosimama dakika 78



Hapa kwetu Lokandu, kijana akianguka kiwanjani bila kuguswa na mtu, kesi inaanza mbele ya mazishi. Nani alimuloga? Timu gani ilizika dawa kwenye goli? Mbele niende kusoma, mimi pia nilikimbia na wengine kumutafuta mzee fulani. Hatukuangalia hata kama ule kijana alikuwa angali anapumua. Alikufa. Ndiyo maana leo, hata kama mimi ni agronomu, mtu wa udongo na mihogo, ninaandika historia ya moyo.

Fabrice Muamba ni mtoto wa Kongo. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1988, akahamia Uingereza akiwa na miaka 11. Tarehe 17/03/2012 alikuwa anachezea Bolton Wanderers kule London, kwenye uwanja wa Tottenham, robo-fainali ya Kombe la FA. Dakika ya 41 akaanguka kifudifudi. Hakuna mtu alimugusa. Alikuwa na miaka 23.

Moyo unaongozwa na umeme mdogo wa mwili wenyewe. Umeme ule ukivurugika, moyo unatetemeka tu, hausukumi damu tena, na ubongo unaanza kufa kwa dakika chache. Waganga wa timu waliingia mbio, wakaanza kumusukuma kifuani. Munganga wa moyo, Andrew Deaner, aliyekuja kutazama mupira tu, akashuka kusaidia. Walimupiga umeme mara 15. Moyo ulirudi kupiga kiisha dakika 78. Agosti ya mwaka ule aliacha mupira, lakini yuko hai.

Wengine hawakupona. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka kule Lyon tarehe 26/06/2003, dakika ya 72, wakicheza na Kolombia. Alikuwa na miaka 28. Waganga walikuta misuli ya moyo wake imenenepa kupita kiasi. Mtu anaweza kuzaliwa na ugonjwa ule na akacheza miaka mingi bila kujua.

Viwanja vyetu havina mashini ya umeme, lakini mikono tuko nayo. Kijana akianguka, hajibu, hapumui vizuri: mulazeni chali. Weka mikono miwili katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu, sentimeta 5 hivi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Mukichoka, pokezaneni, na mwingine akimbilie munganga. Na kijana anayezimia akikimbia, ao mwenye ndugu aliyekufa ghafla angali kijana, aonwe na munganga mbele ya kurudi kucheza.

Siwezi kusema ni moyo uliomuua mwenzetu. Lakini mzee tuliyemufukuza alikuwa nyumbani kwake ile jioni. Karibu ya kijana tulikuwa sisi, kiwanja kizima, na mikono yetu ilikuwa imeshika mawe.