Kujikosoa kwa Kiongozi: Funzo la Mwaka 1977

Katika madarasa yetu ya siasa kuna swali linalorudi kila mwaka: kiongozi akikiri kosa mbele ya watu anaowaongoza, je, hajivui nguo? Wanaouliza ni makada wazuri, wenye nia njema. Hofu yao ni kwamba umma ukishajua kuwa kiongozi amekosea hautamsikiliza tena. Tunaona vema swali hili lijibiwe kwa historia ya Chama chetu wenyewe, maana huko limekwisha jibiwa kwa vitendo.

Turudi Januari 1977. TANU na Afro-Shirazi vilikuwa katika matayarisho ya kuungana, na CCM ikazaliwa Februari 5 ya mwaka huo. Azimio la Arusha nalo lilikuwa linatimiza miaka 10. Kwingineko duniani wakati kama huo huwa ni wa ngoma na vifijo. Mwalimu Nyerere alifanya jambo lingine. Aliipelekea Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU tathmini ndefu, na ndani yake akatamka wazi kwamba Tanzania haikuwa nchi ya kijamaa wala haikuwa imejitegemea.

Wengi wetu tulio wakufunzi leo tulikuwa hatujazaliwa, kwa hiyo hatuna budi kuyapima maneno hayo kwa makini. Aliyeyasema hakuwa adui wa Azimio. Alikuwa ndiye mwasisi wake. Mafanikio aliyataja: shule, maji, afya, pengo la mishahara lililopunguzwa, watu wapatao milioni 13 waliokuwa wakiishi katika vijiji zaidi ya 7,000. Lakini hakujificha nyuma ya mafanikio hayo. Ukame wa miaka iliyotangulia na bei ya mafuta iliyopanda tangu 1973 vilikuwa sababu za kweli, naye hakuzikana. Alichokataa ni kuzibebesha mzigo wote. Alisema juu ya uzembe katika mashirika ya umma, na juu ya kilimo kilichoachwa nyuma ingawa Chama kilikuwa kimepitisha Siasa ni Kilimo kule Iringa mwaka 1972.

Kazi ya maneno ya namna hiyo ni kuwafungua midomo walio chini. Kiongozi anayedai kwamba kila kitu kimefaulu huwafundisha wasaidizi wake kuandika taarifa za uongo: shamba la kijiji linakua katika karatasi, na ghala linabaki tupu. Tumeliona jambo hili hata darasani. Mwaka mmoja, mmoja wetu alianza somo kwa kukiri kwamba aliwahi kujaza majina ya mahudhurio ya semina ambayo haikufanyika. Darasa likanyamaza kimya. Kisha katibu wa tawi mmoja akasimama akaeleza mikutano yake mitatu ya aina hiyo, na baada yake wengine wanne. Siku hiyo ndipo tulipoanza kujua hali halisi ya matawi yao. Ahadi ya mwanachama ya kusema kweli daima walikuwa wanaijua kwa moyo tangu zamani; walichokikosa ni mtu wa kutangulia.

Hata hivyo tusiifanye historia hii kuwa hadithi tamu. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976. Sheria za kuvirudisha vyombo hivyo zilipitishwa mwaka 1982, na ilikuwa mwaka 1984 ndipo Mwalimu aliposema kwamba, kama angeanza upya, mambo hayo mawili asingeyafanya. Ukweli ulisemwa, lakini mkulima aliyenyang'anywa ushirika wake alikuwa amekwisha kaa miaka mingi mikononi mwa mamlaka za mazao. Ndiyo maana Chama kilizungumza juu ya kujikosoa na kukosoana pamoja. Kiongozi peke yake hukiri lile tu analoliona, na kutoka ofisini yapo mengi yasiyoonekana.

Turudi kwenye hofu ya makada wetu. Katikati ya miaka ya 1970 wananchi waliokamatwa mkoani Shinyanga, katika msako uliotokana na mauaji ya wazee waliotuhumiwa uchawi, waliteswa na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ndugu Ali Hassan Mwinyi. Vitendo vile vilikuwa vya watu wa chini yake, naye angeweza kuwatupia lawama akabaki katika kiti chake. Alijiuzulu. Wako waliodhani safari yake ya uongozi imekwisha. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985, Chama kilipotafuta wa kumrithi Mwalimu, kilimteua yeye.