Jinsi Ua la Vanila Lilivyopata Mjumbe

Hapa Kamunyonge, karibu na ziwa, apandaye maboga huona maua ya namna mbili. Moja lina kikonyo kitupu. La pili lina kiboga kidogo chini yake. La kwanza ni la kiume, nalo halizai kamwe. La pili ni la kike, lakini nalo halizai peke yake. Sharti unga wa manjano wa ua la kiume, uitwao chavua, uletwe juu ya ncha yake ya katikati. Nyuki ndiye mjumbe. Chembe ya chavua ikiisha kutua hapo huota mrija mwembamba, ukashuka hata ndani ya kiboga, na mbegu ya kiume ikaungana na yai. Ndipo tunda hukua. Mjumbe asipokuja, kiboga hunyauka na kuanguka.

Basi, wasomaji, sikieni habari ya ua lililokosa mjumbe. Vanila ni mmea utambaao, asili yake Meksiko na nchi jirani. Zaidi ya miaka 200 iliyopita Wafaransa waliupeleka kisiwa cha Bourbon katika Bahari ya Hindi, ambacho leo huitwa Réunion. Ukastawi, ukatoa maua, lakini haukuzaa, kwa maana wadudu wa kwao hawakuwako. Tena ndani ya ua hilo mna utando mdogo uzuiao chavua isifike mahali pake. Mwaka 1836 Charles Morren, mtaalamu wa Ubelgiji, alilizalisha kwa mkono, lakini njia yake haikuwafaa wakulima.

Mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, jina lake Edmond, aliuinua utando ule kwa kijiti, akaibonyeza chavua kwa kidole gumba. Ua likazaa. Akapelekwa mashamba mengine awafundishe watumwa wenziwe. Baadaye mtaalamu mmoja, Richard, alidai kuwa yeye ndiye aliyemfundisha. Lakini Bellier-Beaumont, aliyekuwa bwana wake Edmond, akamtetea kwa barua. Utumwa ulipokomeshwa kisiwani mwaka 1848, Edmond alipewa jina la Albius. Vanila iliwatajirisha wengine. Yeye alikufa maskini mwaka 1880.

Leo, ng'ambo ya ziwa letu, huko Kagera na Uganda, wakulima wa vanila huamka mapema, maana ua hufunguka asubuhi na kunyauka siku ile ile, nao hufanya kama alivyofanya Edmond. Kwa hiyo, walimu wenzangu, tumwonapo mtoto amechelewa njiani akichungua ua, tumwulize kwanza ameona nini.