Kampuni Huingia Lini Katika Siasa? Friedman na Picha za Polaroid

Septemba 1970, katika New York Times Magazine, Milton Friedman alitoa hoja inayoendelea kunukuliwa katika mijadala ya biashara: wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida, mradi ifuate sheria na desturi za kimaadili. Meneja anayetumia fedha za wenye hisa kwa malengo ya kijamii, alidai, anawatoza kodi ilhali hakuchaguliwa na raia. Kwamba kampuni zina nguvu za kisiasa, hakuna anayebisha. Ninachopinga ni dhana iliyojificha katika hoja ya Friedman: kwamba kampuni huwa nje ya siasa hadi iamue kuingia.

Mwezi uliofuata, huko Cambridge, Massachusetts, wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, walifichua kwamba vifaa vya mwajiri wao vilitumika kutengeneza picha za vitabu vya pasi katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, vile ambavyo Mwafrika alilazimika kutembea navyo (msomaji wa Kenya atakikumbuka kipande cha mkoloni). Sheria haikuvunjwa. Lakini sheria yenyewe ilitungwa na bunge ambalo Waafrika, walio wengi, hawakuwa na kura ya kulichagua. Kwa kipimo cha Friedman, aliyeuza filamu hakufanya siasa. Aliyekataa kuuza ndiye aliyefanya. Hofu ya Friedman juu ya meneja asiyechaguliwa ina uzito, ila inamhusu muuzaji vilevile: Mwafrika wa Soweto alimchagua lini?

Januari 1971 Polaroid ilitangaza jaribio: kusitisha mauzo kwa serikali ya makaburu, kumhimiza msambazaji wake, Frank & Hirsch, aboreshe mishahara ya Waafrika, na kuchangia elimu yao. Hunter alifukuzwa kazi baada ya hapo. Novemba 1977 nyaraka zilizotolewa na aliyewahi kuwa mfanyakazi wa msambazaji huyo zikaonyesha kwamba serikali ilikuwa ikiuziwa kwa siri. Ndipo Polaroid ilipojiondoa.

Watetezi wa jaribio husema mishahara ilipanda, na ni kweli. Hata hivyo nyongeza hiyo iliwafikia wafanyakazi wa msambazaji mmoja, na pasi zilibana mamilioni. Mchungaji Leon Sullivan, mjumbe wa bodi ya General Motors, ambaye kanuni zake za 1977 kwa kampuni za Marekani zilizokuwa Afrika Kusini zilifuata njia hiyohiyo ya kurekebisha mambo kutoka ndani, mwaka 1987 alikiri hazikutosha, akazitaka kampuni hizo ziondoke.

Mara zote mbili Polaroid ilipofichuliwa, ukweli ulitoka kwa wafanyakazi, wala si kwa bodi. Ndiyo maana naona mjadala kuhusu matamko ya kisiasa ya wakurugenzi hauna tija kubwa. Kisa kimoja hakithibitishi kila kitu, lakini kinatosha kudai sheria mbili kwa kampuni zinazouzia serikali za Afrika Mashariki mitambo ya kutambua sura na alama za vidole: zimtaje mnunuzi wa mwisho hadharani, na mfanyakazi anayefichua mauzo yaliyofichwa asipoteze kazi.