Tarehe ya Thenashara Taifa

Mji wa Mombasa haukupata kuwa mji wa ukoo mmoja. Kila zama walihamia watu kisiwani, hawa wakikimbia vita na wale wakifuata biashara. Wazee hutuhesabia mataifa kumi na mawili: Tisa Taifa, nao ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wapaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa, na Thalatha Taifa, nao ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Mwenye kuyasikiza majina haya atatambua kuwa mengi ni ya miji iliyohamwa, na kwamba Mpate aliyetia nanga Mombasa hakulazimishwa kuisahau Pate ndipo apewe nafasi barazani.

Mimi naiona hekima hiyo kuwa kubwa kuliko ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kila taifa lilikuwa na wazee wake, na kila upande ulikuwa na mkubwa wake, aliyeitwa tamimu. Na shauri la vita au la sulhu, lililowagusa watu wote wa mji, lilihitaji ridhaa ya pande mbili. Hata watu wa bara walikuwa na mlango wao: Wadigo walifungamana na Thalatha Taifa, na Wagiriama na jirani zao wakafungamana na Tisa. Mgiriama aliyeshuka na pembe za ndovu au sandarusi alifikia kwa mwenyeji anayemjua, akala na kulala kwake, na likizuka neno sokoni mwenyeji huyo ndiye aliyemsemea. Watumwa, ambao jasho lao lililisha mji, hawakuwa na wa kuwasemea, wala haifai tarehe kulificha jambo hilo.

Wareno walipofukuzwa mara ya mwisho mwaka 1729, ujumbe uliovuka bahari kwenda Omani kumwomba Imamu himaya ulikuwa na watu wa pande zote mbili, pamoja na wa bara. Mazrui, waliowekwa kuwa maliwali kisha wakajitegemea, walidumu takriban karne nzima maadamu pande hizo ziliwaunga mkono. Zilipofarakana, na baadhi ya wakubwa wa Thalatha Taifa wakamgeukia Seyyid Said, mtawala wa Omani, ngome ikawatoka Mazrui mikononi mwaka 1837.

Kisha ikaja serikali ya Kiingereza, iliyomwandika kila mtu kwa asili yake, Mwarabu daftari lake na mwenyeji daftari lake, kodi na uwakilishi vikafuata daftari. Watu waliosimama safu moja msikitini na kuoana vizazi kwa vizazi wakatenganishwa kwa kalamu, hata miaka ya 1920 Thenashara Taifa wakawa wanadai hadhi yao kwa serikali iliyowakuta mjini. Kwa rai yangu hiyo ilikuwa dhuluma: baraza la kale lilimwuliza mtu atokako ili lijue nani atamsemea, na daftari likamwuliza lilo hilo ili limpunguzie haki.