Mpango wa biashara ulioko kichwani hautoshi

Ukimuuliza mfanyabiashara mdogo wa hapa Pwani kama ana mpango wa biashara, mara nyingi atakujibu: "Ninao, uko kichwani." Wala hasemi uongo. Mtu hawezi kuuza vitunguu Kongowea miaka kumi bila kuwa na hesabu yake akilini. Taabu ni kwamba hesabu ya kichwani hukumbuka vizuri pesa zilizoingia na kusahau upesi zilizotoka. Isitoshe, hakuna mtu mwengine anayeweza kuikagua.

Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa mwaka 2016 ulikadiria kuwa Kenya ina biashara ndogo ndogo na za wastani zipatazo milioni 7.4. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba biashara zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika muda wa miaka mitano. Sababu iliyotajwa zaidi ni ukosefu wa pesa za kuendeshea kazi. Yaani wateja walikuwepo na bidhaa ilipendwa, lakini siku ya kununua mzigo mpya pesa hazikuwepo. Pesa hizo hupotelea wapi? Hapo ndipo karatasi inapofanya kazi yake.

Mpango wa biashara si lazima uwe kitabu. Kurasa mbili tatu za daftari la shule zinatosha, bora zieleze unauza nini na kwa nani, nani mwengine anauza kitu hicho hicho mtaani kwako, gharama zako ni zipi, mtaji umetoka wapi, na vibali gani unahitaji. Kuna watu wanaokwenda saibakafe kuandikiwa mpango wa kurasa thelathini, umejaa maneno makubwa, ili wapate mkopo. Huo ni wa kupambia faili tu. Afisa wa mikopo akiuliza swali moja la bei ya mafuta, mwenye biashara hana jibu, kwa kuwa si yeye aliyeandika.

Tumchukue mama anayeuza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi. Ni mfano wa kubuni, lakini bei zake si ngeni kwa anayeamka mapema. Kwa siku anapika mahamri 200 ya shilingi 10 na sahani 40 za mbaazi kwa shilingi 30. Vikiisha vyote, anapata shilingi 3,200. Upande wa matumizi, unga ni shilingi 680, sukari 240, mafuta 450, nazi 240, mbaazi 480, makaa 200, halafu hamira, iliki na vitunguu 110. Jumla ni 2,400, kwa hivyo zinabaki 800. Akilini mwake, faida ya siku ni hiyo mia nane.

Sasa aandike. Msichana anayemsaidia analipwa 300 kwa siku. Kodi ya kibanda ni 2,600 kwa mwezi, ambayo kwa siku 26 za kazi ni shilingi 100 kila siku. Zimebaki 400. Halafu kuna lile jambo ambalo sisi Wapwani tunaona haya kuliandika. Watoto wanaondoka na mahamri ya kula shuleni, jirani anatumiwa matano, shemeji akipita hawezi kulipishwa. Mahamri 20 tu kwa siku ni shilingi 200, nusu ya ile faida iliyobaki. Kwa mwezi, badala ya 10,400, anabaki na 5,200. Hapo bado hatujataja wateja wa deni, wala leseni ya kaunti na cheti cha afya.

Hakuna anayesema mtu amnyime shemeji wake. Lakini mama huyu akishawishiwa kuchukua friji kwa awamu za shilingi 5,000 kwa mwezi, kichwa chake kitamwambia anaweza, maana mia nane mara ishirini na sita ni zaidi ya elfu ishirini. Karatasi itamwambia kwamba atabakiwa na shilingi 200 mwezi mzima, na yeye mwenyewe hajajilipa chochote.

Karatasi hiyo hiyo inaonyesha jambo la kodi. Mauzo ya 3,200 kwa siku 26, kwa miezi 12, ni shilingi 998,400. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, biashara yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka hutozwa kodi ya asilimia 3 ya mauzo. Ni mauzo, si faida. Kwa anayebakiwa na kidogo katika kila shilingi mia, asilimia tatu si mchezo. Mama wetu akifungua kibanda cha pili bila kuihesabu kodi hiyo, bei zake zitakuwa zimekosewa kabla hajakanda unga.

Mwaka wa Pwani hauendi sawa

Mipango mingi ya kunakili hudhani kwamba kila mwezi ni sawa na mwengine, na kwetu haiko hivyo. Anayeuza samaki anajua kwamba wakati wa kusi bahari huchafuka, mashua ndogo hukaa ufuoni na bei hupanda. Kaskazi ikiingia, samaki hujaa. Anayewauzia watalii vinyago au lesso anategemea Desemba na Agosti, halafu Aprili na Mei anapiga miayo. Ramadhani nayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Muuza chai ya asubuhi hupoteza wateja wake wa mchana kwa mwezi mzima, huku muuza viazi karai, kaimati na sharubati akiuza jioni moja kuliko siku mbili za kawaida. Kisha Januari huja na karo za shule na kila mtu anakopa.

Mpango ulioandikwa unaweka miezi hii kwenye mstari, na mwenye biashara anaona mapema ni mwezi gani atahitaji akiba. Kwa maoni yangu huu ndio ukurasa wenye thamani kuliko yote, na ndio unaoachwa zaidi.

Pesa za watu

Mikopo ya simu haiulizi mpango. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, humpa mtu binafsi kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na muda wa kulipa ni siku 14. Kwa anayenunua samaki leo na kuuza kesho, siku 14 zinatosha. Kwa anayenunua cherehani, hazitoshi hata kidogo, na jambo hilo lilitakiwa kuonekana kwenye karatasi kabla ya kubonyeza simu.

Wengi kwetu hawataki riba kabisa. Benki za Kiislamu zipo nchini tangu 2008, na hapo mpango una uzito zaidi. Katika murabaha, benki hununua kifaa na kukuuzia kwa faida iliyotajwa wazi, kwa hivyo lazima ujue unataka kifaa gani na kitaingiza nini. Katika mudharaba, mmoja anatoa mtaji na mwengine kazi. Faida hugawanywa kwa kiwango mlichokubaliana, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye pesa, isipokuwa mfanyakazi amezembea. Nani atakupa pesa zake kwa masharti hayo bila kuona hesabu?

Mudharaba mwingi wa Pwani hata haupiti benki. Ni kaka aliyeko Jeddah au Dubai anayetuma pesa, na ndugu wa Mombasa anafungua duka. Miaka miwili baadaye mmoja anasema zilikuwa msaada, mwengine anasema zilikuwa mtaji, na mama mzazi anaitwa kuamua. Mistari minne ingewatosha: nani ametoa kiasi gani, nani anafanya kazi, faida inagawanywa vipi, na mmoja akitaka kutoka analipwa nini na kwa muda gani. Kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala, na wawepo mashahidi wawili wasiokuwa na hisa ndani ya duka.