Mgonjwa haulizwi uji, lakini ni uji gani?

Ndugu msikilizaji, nawe unayeyasoma haya gazetini, wahenga walituachia methali isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake twaijua sote: jambo lililo wazi halihitaji maswali, mgonjwa mpe uji wake anywe. Juma hili nataka kuibishia kidogo methali hiyo, kwa heshima zote. Mgonjwa asiulizwe, sawa. Lakini sisi tulioshika mwiko ni lazima tujiulize: ni uji gani huu, umebeba nini, na unapita wapi?

Nauliza kwa sababu hapa kwetu Bujonde, katika tambarare ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mtu anaweza kufa kwa njaa huku ghala limejaa. Nimemwona mzee mmoja, ndugu yetu wa ukoo, aliyepatwa na kiharusi. Nyumba ilikuwa na mpunga wa mavuno, mikungu ya ndizi na samaki waliokaushwa. Hospitali walikomtibu, familia iliambiwa maneno matatu tu, "Mpeni vyakula laini," basi wakarudi nyumbani. Nyumbani ulaini ukageuka kuwa maji: unga kiganja kimoja, maji sufuria nzima. Mzee alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni. Hakukosa chakula. Alikosa chakula kinachopitika na kushibisha kwa wakati mmoja.

Jambo la kwanza tulijue: nchi hii haikuwa maskini wa vyakula laini. Mskoti Joseph Thomson alipofika kaskazini mwa ziwa letu mwaka 1879, alistaajabia migomba na nyumba zilizopangwa vizuri ndani yake. Ndizi ndiyo ilikuwa mhimili wa chakula cha Wanyakyusa wa tambarare, pamoja na maziwa ya ng'ombe. Mpunga ulikuja kuzidi kuwa zao kubwa baadaye, wakati wa Waingereza. Basi ndizi iliyopikwa ikaiva, ikapondwa kwa maziwa ya mgando, ni chakula ambacho hata kibogoyo hawezi kukilalamikia.

Wataalamu wa mila, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Monica Wilson aliandika vitabu kadhaa baadaye, na kile cha mwaka 1951 alikipa jina linalotokana na neno letu ukwangala, yaani raha ya kukaa pamoja na wenzako. Wanaume wa rika moja walikula pamoja, wakizungumza. Kula peke yako lilikuwa jambo la kutiliwa shaka. Tukumbuke hilo, maana nitalirudia.

Aliandika pia habari ya heshima kati ya mkwe na mkwe. Mkamwana hakuruhusiwa hata kumtazama baba wa mumewe, wala kutamka jina lake. Sasa fikiria, msikilizaji: mzee amefiwa na mkewe, hana meno, mkono wa kulia umelala, na mwanamke pekee wa nyumba ni huyo mkamwana. Nani atamshikia kijiko? Mila hiyo imelegea sana siku hizi, lakini haya yake bado ipo katika nyumba nyingi. Mkamwana huweka bakuli mlangoni akaondoka upesi, na mzee hubaki akipigana na uji wake mwenyewe. Katika mambo ya kumlisha mgonjwa, adabu nayo ni sehemu ya dawa au sehemu ya ugonjwa.

Kosa la kudhani maji ndiyo ulaini si letu peke yetu. Mwingereza Florence Nightingale, muuguzi aliyepata sifa katika Vita vya Crimea, alitoa kitabu cha uuguzi mwaka 1859. Humo alionya kwamba wagonjwa wengi hufa njaa katikati ya chakula tele, kwa sababu tu hakuna aliyefikiria njia ya kuwawezesha kula. Aliwachekesha waliosifu mchuzi wa nyama: uchemshe ukauke, alisema, utaona kilichobaki hakizidi kijiko cha chai. Miaka zaidi ya 160 imepita, na sisi bado tunampa mgonjwa maji yaliyopakwa rangi ya chakula.

Sasa, kwa nini uji hutulaghai hivyo? Unga wa nafaka ukipikwa hunywa maji na kuvimba. Ukitia sehemu 5 za unga katika sehemu 100 za uji, unapata uji mwepesi wa kunywa. Ukitaka kutia sehemu 20, unapata kitu kizito kinachosimamisha mwiko, ambacho mtoto mchanga au mgonjwa hawezi kukimeza. Hivyo mama hulazimika kuchagua: ama kinywike bila nguvu, ama kiwe na nguvu kisinywike. Tumbo la mtoto ni dogo, na la mgonjwa limesinyaa. Linajaa maji kabla halijapata chakula.

Ufumbuzi ulikuwa ndani ya vyungu vya pombe. Wanyakyusa, kama watu wengine wengi wa nyanda za juu za kusini, huloweka ulezi, wakauotesha, wakaukausha na kuusaga kupata kimea. Chembe inapoota hutoa vimeng'enya vinavyokata wanga vipande vipande. Mwaka 1983, A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya jambo hilo. Ukipika uji mzito, ukauacha upoe kidogo, kisha ukatia kijiko cha unga wa kimea na kukoroga, uji ule huyeyuka mbele ya macho yako kwa dakika chache. Unga ni uleule, nguvu ni ileile, lakini sasa unanyweka. Kisha uuchemshe tena kidogo, ili kuua vijidudu vilivyoweza kuingia wakati wa kuotesha.

Mwaka huo huo ulianzishwa mpango mkubwa wa lishe mkoani Iringa, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya watoto, ukaanza na vijiji 168. Naye Wilbald Lorri, aliyekuja kuiongoza Taasisi hiyo, aliendeleza uchunguzi wa kimea na wa togwa. Togwa ni uji uliochachushwa, na uchachu wake huzuia vijidudu vingi vya kuharisha visizaliane. Tahadhari moja: mtama uliooteshwa una sumu katika machipukizi na mizizi, hivyo huondolewa kabla ya kusaga. Ulezi hauna taabu hiyo.

Nawashangaa tulivyoisahau elimu hii mara watoto walipoota meno. Iliandaliwa kwa ajili ya mtoto anayeachishwa ziwa, lakini babu yake asiye na meno anaihitaji vilevile. Ila hapa ndipo swali langu la mwanzo linapokuja: uji unapita wapi? Maana wagonjwa wa chakula laini hawafanani. Yuko mwenye taabu ya meno, yuko wa koo, yuko wa tumbo.

Mwenye taabu ya meno ndiye mwepesi wa kusaidiwa. Huyu humeza vizuri, ila hatafuni. Mpondee ndizi, mpikie wali mpaka urojeke. Mbasa wetu mtamu ana miba mingi, basi mchambue kwa vidole, si kwa macho. Usipa aliyekauka umtwange katika kinu, uchekeche, utie katika uji. Tia mawese, maana michikichi Kyela ipo, au karanga zilizosagwa zikalainika kabisa, au parachichi kutoka Rungwe. Kijiko kimoja cha mafuta kinampa nguvu kuliko kikombe kizima cha uji wa maji.

Mwenye taabu ya koo ni mwingine kabisa, na kwake wema wetu unaweza kuua. Aliyepatwa na kiharusi huenda misuli ya koo imelegea. Maji, chai na uji mwepesi hukimbia upesi kuliko koo linavyoweza kufunga mlango wa pumzi, navyo huingia mapafuni. Ndipo unamwona anapaliwa, anakohoa kila akinywa, sauti inakuwa ya majimaji, kisha homa ya kifua inamwondoa. Watu husema kiharusi kimemmaliza, kumbe ni uji mwepesi. Huyu usimpe uji ulioyeyushwa kwa kimea mpaka daktari au muuguzi amwone anavyomeza. Mara nyingi anafaa kitu kizito kilicho laini, kisicho na mabonge wala punje za wali zinazotawanyika.

Mwaka 2013 wataalamu wa nchi mbalimbali walianza kazi ya kupanga vyakula na vinywaji vya watu hawa katika ngazi kuanzia 0, ambayo ni maji matupu, hadi 7, ambayo ni chakula cha kila siku. Uzuri wa mpango wao ni kwamba vipimo si vya gharama: bomba la sindano, uma na kijiko. Kwa mfano, chakula kilichopondwa vizuri hukaa juu ya kijiko bila kumiminika, na kijiko kikiinamishwa huanguka chote kwa urahisi. Kikimwagika ni chepesi mno, kikinata kama gundi ni hatari vilevile. Kipimo hicho kila jiko la Bujonde linakiweza. Kisha mkalishe wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kiwe kidogo, ungoje ameze kabla ya kingine, wala usimlaze kwa nusu saa baada ya kula.

Yuko pia ambaye koo linafunga taratibu: jana nyama ilikwama, leo wali, kesho uji. Huyu asizoeshwe vyakula laini nyumbani huku miezi ikipita. Apelekwe hospitali mara moja, maana yaweza kuwa saratani ya umio. Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya Songwe, ni miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo kwa kiwango cha juu kabisa duniani, na ukanda wa mashariki mwa Afrika wote umeguswa. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya moto uliozidi nyuzi 65 yaelekea huchangia saratani hiyo. Basi tuungoje uji upoe.

Kwa mwenye taabu ya tumbo, historia inatufundisha unyenyekevu. Mwaka 1915 Bertram Sippy, daktari wa Chicago, alieneza tiba ya vidonda vya tumbo kwa maziwa na krimu kila saa, na ulimwengu ukaifuata kwa miongo mingi. Lakini miaka ya 1980 Robin Warren na Barry Marshall wa Australia walionyesha kwamba vingi vya vidonda hivyo vinaletwa na bakteria, na mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Dawa za kuua bakteria zikaponya kile ambacho maziwa yalikibembeleza tu. Chakula laini humpumzisha mgonjwa, lakini kisifanywe kisingizio cha kutotafuta ugonjwa wenyewe.

Sasa nirudi kwenye ukwangala. Pwani kuna bokoboko, ngano iliyopikwa na nyama ikapondwa mpaka ikawa kitu kimoja, chakula kinachojulikana pia Oman. Huliwa harusini na watu wenye meno yao yote. Wachaga wana mtori wa ndizi na nyama, unaompa nguvu mzazi, na mgeni naye huufurahia. Hakuna anayeona aibu, kwa kuwa vyakula hivyo ni vya heshima. Sisi tumemtenga mgonjwa na bakuli lake pembeni, tukasema kile ni chakula cha mgonjwa. Mtu aliyelelewa kula na wenzake tumemfundisha uzeeni kula na ukuta.

Ombi langu ni dogo. Siku mojamoja nyumba nzima ile ndizi iliyopondwa kwa maziwa, na mzee akae katikati, si mlangoni. Mkamwana afundishwe kushika kijiko, na asionewe haya. Na mhudumu wa afya anaposema "vyakula laini", tumwombe aendelee: laini kiasi gani, kwa meno, kwa koo au kwa tumbo? Mgonjwa asiulizwe uji, lakini mpishi lazima aulizwe.

Tukutane juma lijalo.