Mji wa Gedi na Chungu cha Fingo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

  Natumaini kila mmoja amekwisha kuketi, na kitabu na kalamu viko mkononi. Nawe mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: gofu, jini, fingo, kaya. Maneno haya tutayakuta njiani, na kila moja tutalieleza.

Leo tutazungumza juu ya mahali ambapo watu wengi wamepaogopa. Huenda hata katika wilaya yako pana mahali pa namna hiyo: pango, mbuyu mkubwa, au nyumba iliyohamwa. Watoto huambiwa, "Usipite pale jioni." Wakiuliza sababu, hujibiwa kwamba pana wenyewe. Basi leo tutatazama jambo hili kwa macho ya historia. Tutajiuliza: hofu ya watu inaweza kutufundisha nini juu ya mambo ya kale?

Mahali petu ni Gedi, katika pwani ya Kenya. Pako kiasi cha kilomita 16 kusini ya Malindi, na kiasi cha kilomita 6 kutoka baharini. Pale, ndani ya msitu, yamesimama magofu. Gofu ni nyumba iliyoachwa ikabomoka, kuta zikabaki bila paa. Magofu ya Gedi si ya nyumba moja wala mbili. Ni mji mzima. Pana msikiti mkuu na misikiti mingine midogo, pana jumba la mtawala, pana nyumba za mawe, visima, makaburi, na ukuta wa kuuzunguka mji. Eneo lililo ndani ya ukuta ni kiasi cha eka 45.

Miti imeota ndani ya vyumba. Mizizi yake imeteremka juu ya kuta kama kamba nene. Mchana kuna kivuli kizito na ubaridi, hata kama nje jua ni kali. Mnyama mdogo akikimbia juu ya majani makavu, mgeni husikia kama nyayo za mtu. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu wa karibu walisema mji huu una wenyewe. Husimuliwa kwamba roho za wazee wa zamani zinaulinda, na kwamba mtu akiharibu kitu pale atapatwa na balaa.

Hata wasomi waliingiwa na hali hiyo. Mwaka 1948 Mwingereza mmoja, James Kirkman, alianza kuchimba Gedi ili kutafuta habari za mji huo. Kazi ile aliifanya kwa miaka kama 10. Bwana huyu alikuwa mtu wa vipimo na daftari. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba, alipoanza kazi, alihisi kama kwamba yuko mtu nyuma ya kuta anayemtazama.

Sasa tuache hofu kidogo, tuje kwenye ushahidi. Mwanahistoria ana njia tatu za kujua mambo ya kale. Ya kwanza ni masimulizi ya watu. Ya pili ni maandishi. Ya tatu ni vitu vilivyobaki ardhini.

Kwa Gedi, maandishi hayatusaidii sana. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, na baadaye wakakaa huko karibu miaka 100. Hata hivyo, katika maandishi yao hatuukuti mji unaoitwa Gedi. Labda ulikuwa na jina jingine. Wengine hudhani uliitwa Kilimani. Jina la Gedi lenyewe husemwa kuwa ni la lugha ya Waoromo, na maana yake ni kitu cha thamani. Mwaka 1884 Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza kule Unguja, aliyafikia magofu haya, lakini miaka mingi ilipita kabla ya watu kuyachunguza sawasawa.

Basi hapana budi tuulize ardhi. Ardhi ilijibu. Lilikutwa kaburi lenye tarehe iliyochongwa: mwaka 802 wa Hijra, yaani mwaka 1399. Vikapatikana vipande vya bakuli za kaure kutoka China, sarafu za Kichina, ushanga wa kioo, taa ya chuma, mkasi, na kauri za baharini. Nyumba nyingine zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, iko Nyumba ya Kauri, iko Nyumba ya Taa ya Chuma. Vitu hivi vinatuambia kwamba watu wa Gedi walifanya biashara na nchi za mbali, na kwamba mji ulistawi sana katika karne ya 15. Vyoo na mahali pa kuogea vilijengwa ndani ya nyumba zao.

Je, kwa nini watu wale walihama? Masimulizi husema juu ya mizimu. Ardhi yasema juu ya maji. Kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kilichimbwa mara ya pili ili kiende chini zaidi. Maana yake ni kwamba maji yalikuwa yakishuka. Zaidi ya hayo, nyakati zenyewe zilikuwa mbaya. Mwaka 1589 Wazimba walikuja na vita, wakaiangamiza Mombasa, wakaelekea Malindi, na huko wakashindwa na Wasegeju. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome yao Mombasa, na nguvu za Malindi zikapungua. Halafu Waoromo wakasukuma kutoka kaskazini. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 17, Gedi haikuwa na watu tena. Watu hawakutoweka usiku mmoja kama katika hadithi. Kisima kikishindwa, biashara ikianguka, na adui akikaribia, mtu mwenye watoto hufunga mizigo.

Wasikilizaji, sasa twafikia kitu cha ajabu kuliko vyote vilivyopatikana Gedi. Si dhahabu wala kaure. Ni chungu cha udongo.

Kirkman alikuta kwamba, karibu na milango ya nyumba, vilizikwa vyungu chini ya sakafu. Watu wa pwani waliwahi kukiita kitu cha namna hii fingo. Fingo ni kinga inayofukiwa ardhini ili ilinde nyumba au mji. Mwenye elimu hiyo alitia dawa au hirizi ndani ya chungu, akamwita jini aje akae humo. Jini huyo akawa bawabu. Mtu mwema akiingia, hapati neno. Lakini mwenye nia mbaya akivuka mlango, ilisadikiwa kwamba jini atampoteza akili.

Fikirini sana juu ya chungu hiki. Mwenye nyumba alikuwa tajiri. Ukuta wa mji aliuona, mlango mzito alikuwa nao, na msikiti haukuwa mbali. Bado alilala na wasiwasi, akaona heri afukie chungu kizingitini. Bakuli la China latuonyesha mali yake, na chungu cha udongo chatuonyesha moyo wake. Tena yafaa tuone kwamba habari za jini wa Gedi hazikuanza baada ya mji kufa. Walioishi humo ndio waliowaweka majini milangoni, kwa makusudi, ili walinde. Sisi tuliokuja nyuma tumerithi hofu hiyo, tukasahau sababu yake.

Chungu hiki kina neno jingine la kutuambia, nalo ni zito. Kirkman alipotoa kitabu chake mwaka 1954 aliita Gedi mji wa Waarabu. Wengi wa wakati ule walisema hivyo hivyo juu ya miji yote ya mawe ya pwani. Walidhani kwamba Mwafrika hakuweza kujenga mji kama huu, kwa hiyo lazima ulijengwa na wageni. Na mtu wa kijijini, aliyeambiwa tangu utotoni kwamba magofu ni ya mizimu, alikuwa na jibu gani? Mji aliupita kila siku, lakini hakuujua kuwa wake.

Sasa tazameni. Jirani za Gedi ni Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda. Zamani walikaa katika kaya. Kaya ni kijiji chenye boma kilichojengwa ndani ya msitu, na leo misitu hiyo ni mahali patakatifu pa wazee. Ndani ya kaya huzikwa nini? Huzikwa fingo! Kitu kile kile, kwa jina lile lile, kwa kazi ile ile ya kulinda watu.

Mtu mwangalifu atasema kwamba kitu kimoja kufanana hakitoshi kuwa ushahidi. Ni kweli. Basi tuongeze mengine. Vyombo vingi vilivyochimbwa Gedi si vya ng'ambo. Ni vyungu vya kupikia vya udongo, vilivyofinyangwa papa hapa Afrika. Kiswahili na lugha za Wamijikenda ni lugha ndugu, za asili moja. Na juu ya mlango mmoja wa msikiti mkuu umechongwa mkuki. Kwa sababu kama hizi, wataalamu wa leo wanasema kwamba Gedi ni mji wa Waswahili, watu wa pwani hii waliopokea dini na biashara kutoka ng'ambo, wakachanganya damu na wageni, lakini mizizi yao ilikuwa katika ardhi ya Afrika.

Je, hofu ilikuwa na faida? Naam. Mahali panapoogopwa watu hawachukui mawe ya kujengea, wala hawakati miti ovyo. Lakini hofu peke yake si mlinzi wa kutegemewa, kwa kuwa mwizi wa mbali haijui.

Ushahidi wa jambo hili upo hapo hapo pwani. Wamijikenda huchonga vigango, yaani nguzo za mti za kuwakumbuka wanaume wakubwa wa chama cha Gohu. Kigango kikisimamishwa hakihamishwi, kwa kuwa roho ya marehemu iko nacho. Wenyeji waliamini kwamba kukiondoa ni kuleta ukame na maradhi. Lakini vijana walioacha imani hiyo, na wafanyabiashara wasioijua, waliving'oa kwa siri. Mamia yakauzwa Ulaya na Marekani, yakawekwa katika nyumba za makumbusho na sebule za matajiri. Kazi ya kuyatafuta ikawa ndefu. Mwaka 2007 familia moja ilirudishiwa vigango viwili vilivyoibwa zaidi ya miaka 20 nyuma. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Denver lilirudisha vigango 30 nchini Kenya. Lakini vingi havijulikani vimetoka kaburi gani, wala ni vya nani. Kumbukumbu ya mtu imekuwa pambo lisilo na jina.

Kwa hiyo twahitaji ujuzi pamoja na heshima. Misitu ya kaya ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na Gedi ikafuata mwaka 2024. Sheria inailinda. Lakini mlinzi wa kwanza ni mtu anayekaa karibu, akijua kwamba vile ni vitu vya babu zake.

Ukipata nafasi ya kuitembelea Gedi, enda. Tembea polepole. Usipande juu ya kuta, usichore jina lako, na usiokote hata kigae. Kigae kikiwa mahali pake ni kama herufi ndani ya neno. Ninyi mnaojifunza kusoma mwajua: ukiing'oa herufi moja, neno huvunjika. Na ukiwa nyumbani, waulize wazee juu ya mahali panapoogopwa katika kijiji chako. Usiwacheke. Andika wanayosema, pamoja na jina la mahali. Huenda chini ya hadithi ya mzimu umelala mji.

Sasa mwalimu, waongoze wanafunzi katika maswali haya:

1. Gofu ni nini? Fingo ni nini?
2. Taja vitu vitatu vilivyopatikana Gedi. Kila kimoja chatufundisha nini?
3. Kwa nini watu walihama Gedi? Toa sababu mbili.
4. Mtu akisema, "Gedi ilijengwa na wageni peke yao," utamjibu nini?
5. Zungumzeni: katika wilaya yenu pana mahali panapoogopwa? Wazee husema nini juu yake?

Yule aliyekwisha kujua kuandika na aandike majibu mistari mitano. Ambaye bado, na aseme majibu yake, mwenziwe amwandikie, kisha wasome pamoja.

Hapa ndipo mwisho wa somo letu la leo. Kwaherini, na tukutane tena katika somo lijalo.